CS50x kwa fundi wa TEHAMA wa makamo: tathmini yangu baada ya miezi 10

Nimemaliza kozi ya CS50x, somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta linalosomwa kupitia intaneti, nikiwa na umri wa miaka 44, baada ya kuacha kazi ya kuwahudumia watumiaji wa kompyuta katika kampuni moja ya hoteli hapa Unguja, na tathmini hii ninawaandikia khasa wenzangu ambao bado wamo katika kazi ile na wanahisi kwamba hawaiwezi tena.

Lazima nieleze kwanza nilikotoka, kwa sababu thamani ya kozi hii kwangu haitenganiki na kazi niliyoifanya kwa miaka 17. Niliajiriwa mwaka 2007. Ulipoharibika waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na kisiwa kikakaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nikilala karibu na jenereta ili seva ya malipo, yaani kompyuta kuu inayotunza hesabu za wageni, isizimike, na wakati ule niliona fahari, kwa kuwa nilikuwa kijana na kila mtu alinihitaji. Miaka iliyofuata haja ile ilizidi: mapokezi hawawezi kuchapa risiti, wageni hawapati intaneti, mhasibu amesahau nenosiri, na simu inalia saa nane za usiku. Mtu wa kazi hii hakumbukwi siku mambo yanapokwenda vizuri. Ilipofika mwaka 2023 nilikuwa nikisikia mlio wa simu moyo unanienda mbio, hata kama aliyepiga ni mama yangu mzazi.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya maradhi lililopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu wa aina hii kuwa si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila ya kudhibitiwa, na limeutajia alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kujiona huna tija. Nguvu hurudi mtu akipumzika, na mimi zilinirudia baada ya miezi michache ya kulala na kuamka kwa Alfajiri bila ya hofu ya simu. Ile alama ya tatu haikuondoka kwa usingizi. Nilikuwa nimeamini kwamba miaka 17 imenifundisha kuzima na kuwasha tu, na kwamba mtu wa umri wangu hana la kuanzia.

Kabla ya CS50x nililipa ada katika kituo kimoja cha mafunzo mjini, ambacho sitakitaja. Tulisomewa kurasa zilizooneshwa ukutani, tukanakili programu ya kikokotoo bila ya kuambiwa kwa nini kila mstari upo pale ulipo, na mwisho tukapewa vyeti vyenye muhuri. Ninalisema hili kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba kitu cha bure hakiwezi kukishinda cha kulipia.

CS50x ni somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Harvard, linalofundishwa na Profesa David Malan, na mtu yeyote anaweza kulisoma kupitia intaneti bila ya malipo. Kuna cheti cha kulipia kupitia edX, jukwaa la masomo ya intaneti, na kuna cheti cha bure kinachotolewa na somo lenyewe kwa anayekamilisha kazi zote. Mimi nilichukua cha bure. Masomo yamepangwa kwa wiki, kuanzia wiki ya 0 hadi ya 10. Mwanafunzi huanza na Scratch, lugha nyepesi ya kuandikia programu ambayo watoto pia huitumia, kisha huingia katika lugha ya C na kukaa humo muda mrefu, halafu lugha ya Python, SQL ambayo ni lugha ya kuulizia hifadhidata, na utengenezaji wa kurasa za wavuti. Kila wiki ina mhadhara mrefu na mazoezi ya kuandika programu, na programu hiyo hukaguliwa na mashine kabla hujaikabidhi.

Wiki ya 4, inayohusu kumbukumbu ya kompyuta, ndiyo iliyonibadilisha, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia zaidi. Katika C programu huomba nafasi ya kumbukumbu yenyewe, na ikimaliza inapaswa kuirudisha. Mwandishi akisahau kuirudisha, programu huendelea kuomba na kuomba, nafasi hupungua saa hadi saa, na mashine huwa nzito mpaka izimwe, ambapo nafasi yote iliyoshikiliwa huachiwa. Niliusimamisha mhadhara pale nikakaa kimya muda mrefu. Kwa miaka yote ile niliwaambia watu "zima halafu washa", nikiona aibu kidogo ndani ya moyo kwa sababu sikuwa na maelezo, kumbe lilikuwa jibu lenye sababu yake, nami nilikuwa nimeliona likifanya kazi mara nyingi kuliko vijana wengi wanaolisoma darasani.

Zoezi moja la wiki hiyo linaitwa Recover. Unapewa faili moja ambalo ni nakala ya kadi ya kamera iliyofutwa picha zake, na unatakiwa uandike programu ya kuzirudisha zote 50. Kadi husomwa kwa vipande vya baiti 512 (baiti ni kipimo kidogo cha data), na kila picha ya JPEG, aina ya faili la picha inayotumiwa na kamera, hujitambulisha kwa baiti tatu za mwanzo ambazo ni zile zile siku zote, kwa hivyo programu hupita kipande kwa kipande, na kila inapokutana na alama ile hufungua faili jipya na kuanza kuandika. Mara nyingi kufuta hakuondoi picha. Huondoa tu maandishi yanayoonesha mahali ilipo. Wageni wa hoteli waliwahi kuniletea kadi za kamera wakiwa karibu kulia, wengine zikiwa na picha za fungate, nami nikazirudisha kwa programu niliyoipakua bila ya kuelewa inafanya nini. Siku niliyoandika ya kwangu, ikatoa picha ya kwanza hadi ya mwisho, nilimwita mke wangu aje aone. Sijapata kufurahi hivyo mbele ya kompyuta tangu nikiwa mwanafunzi.

Wiki nyingine sitazieleza kwa urefu. Ya 7, inayohusu hifadhidata, humtaka mwanafunzi amtafute mwizi kwa kuuliza maswali ya SQL katika kumbukumbu za mji wa kubuni, na yeyote aliyewahi kutafuta chanzo cha hitilafu kwa kufuata kumbukumbu za seva atajikuta nyumbani. Ya 5, kuhusu miundo ya data, yaani njia za kuipanga data ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ni ngumu kweli. Ilinichukua wiki tano, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa mwongozo wa somo wenyewe unaeleza kwamba kinachozingatiwa ni umbali uliousafiri kutoka ulipoanzia, si nafasi yako mbele ya wenzako.

Kwa anayesoma kutoka Unguja au Pemba yapo mambo ya kuyapanga mapema. Mihadhara ni ya Kiingereza, na anayekielewa Kiingereza kwa taabu ajiandae kuirudia mara mbili au tatu. Mahali pa kuandikia programu hufunguka ndani ya kivinjari, hivyo umeme au intaneti ikikatika kazi husimama. Mimi niliweka kikusanyaji cha C, yaani programu inayogeuza maandishi ya C kuwa programu inayoweza kuendeshwa, katika kompyuta yangu ndogo, nikaandika humo, na mtandao uliporudi nikapeleka kazi kukaguliwa. Mihadhara nilikuwa nikiipakua kwa ubora wa chini ili kuokoa bando. Saa zangu zilikuwa baina ya Alfajiri na kuwapeleka watoto skuli, na katika mwezi wa Ramadhani nilihamia baada ya tarawehe. Anayetakiwa kupokea simu za kazi usiku kucha simshauri aanze sasa. Aombe kwanza likizo au abadilishiwe zamu, kwa sababu wiki ya 4 na ya 5 hazisomeki na akili iliyokatwa vipande.

Kozi haimtafutii mtu ajira, na wala haisemi hivyo. Mradi wangu wa mwisho wa kozi ulikuwa programu ya daftari la uchumaji wa karafuu kwa ajili ya mjomba wangu aliyeko Wete. Wachumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, baada ya karafuu kuchambuliwa kutoka kwenye makonyo, lakini mauzo hupimwa kwa kilo za karafuu kavu zilizokwisha kuanikwa, na tofauti baina ya hesabu hizi mbili ndiyo iliyokuwa ikizusha mzozo kila msimu. Programu huandika pishi za kila mchumaji kwa siku, huonesha anachodai, kisha hulinganisha jumla yake na kilo zilizotoka kwenye majamvi. Niliijenga kama nilivyozoea kufikiri kazini, yaani kwa kujiuliza mtu aliyechoka na asiyejali kompyuta atakosea wapi, ndipo nikaweka tarakimu kubwa na vitufe vichache. Nilipoulizwa katika usaili ninajua nini, nilifungua daftari lile badala ya cheti. Sasa ninaandaa ripoti kutoka katika hifadhidata za taasisi moja mjini. Mshahara ulianza chini ya ule wa zamani, na familia ililazimika kulijua hilo kabla sijakubali, lakini simu yangu huizima saa tatu usiku.

Mjomba alipoitumia kwa msimu wa kwanza alinipigia kunambia, "Mjomba, hapa pakosekana siku za mvua." Alikuwa na haki, kwani karafuu zikinyeshewa kabla hazijakauka hushuka daraja, na hilo mimi nisingelijua kutoka katika mhadhara wowote. Nimeongeza safu hiyo wiki iliyopita.