divMMC kwenye ZX Spectrum ya 48K: katriji safi, ila anza na chumvi na umeme

Kwa wenye ZX Spectrum, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, hapa Mombasa, kinachochosha ni kaseti kuliko kompyuta yenyewe. Unyevu wa pwani huotesha tepu ukungu, na hata iliyo nzima hutaka kama dakika 5 kupakia mchezo wa 48K, kisha mwishoni ikakuandikia "R Tape loading error". Katriji ya divMMC inaimaliza shida hiyo. Huchomekwa nyuma ya kompyuta na kusoma michezo kutoka kadi ya SD kwa sekunde chache. Tunayoipima hapa ni ya kawaida: programu ya esxDOS (inayosoma kadi) ndani ya chipu yake, RAM ya 128KB, kitufe cha NMI (cha kufungulia menyu) na tundu la joystick ya aina ya Kempston.

Kabla ya kulaumu katriji, tazama ukingo wa bodi inapochomekwa. Hewa ya bahari huacha utando mweusi au wa kijani kwenye vile vijistari vya shaba, na mguso mmoja mbovu unatosha kukupa skrini ya miraba isiyo na maana. Sugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa kwa alkoholi ya isopropili, ngoja ikauke. Usitumie msasa, unakula shaba yenyewe.

Soketi ya katriji iwe na kile kipande cha plastiki kinachoingia kwenye mkato wa bodi. Si pambo. Laini ya 5V na ya 9V zimekaa jirani, na katriji isiyo na kizuizi hicho ikihama upande kidogo huziunganisha. Na usichomeke wala kuchomoa kompyuta ikiwa na umeme, hata mara moja. Chipu za RAM za 4116 zinahitaji volti tatu tofauti. Ile ya -5V ikipotea huku 12V ipo, zinakufa, na mara nyingi transista TR4 huenda nazo.

Spectrum hutumia 9V, na ncha ya katikati ya plagi ni hasi. Adapta nyingi za madukani zina chanya katikati, kwa hiyo pima kwa mita kwanza. Adapta ya asili kutoka Uingereza inaingia kwenye soketi zetu za 240V bila shida, lakini haina kidhibiti cha volti, na ziada yote hugeuka joto kwenye 7805, chipu ya ndani ya kompyuta inayoshusha volti hadi 5V. Kwa joto la Mombasa, mwambie fundi aitoe hiyo 7805 aweke moduli ya kubadilisha volti ya 5V, 1A. Ni kazi ya waya tatu, na kompyuta inapungua joto sana.

Kadi ni rahisi. Chukua isiyozidi 32GB, maana kubwa zaidi huja na mpangilio wa faili wa exFAT ambao esxDOS haisomi. Ifomati FAT32, kisha weka folda za BIN na SYS moja kwa moja kwenye kadi, zisiwe ndani ya folda nyingine. Toleo la esxDOS kwenye kadi lazima lilingane na la kwenye chipu: chipu ikiwa na 0.8.5 na kadi ina 0.8.9, haitawaka vizuri. Wengi hudhani katriji imekufa, kumbe ni hilo tu.

Ikishawaka, bonyeza NMI upate orodha ya faili. Faili za TAP (nakala za kaseti), Z80 na SNA (nakala za kumbukumbu ya kompyuta) zinafunguka. TZX, aina nyingine ya nakala za kaseti, hazifunguki, zigeuze ziwe TAP, ingawa michezo yenye kipakiaji chake cha pekee itagoma, na hapo tafuta SNA. Faili ya SNA ya 48K ina baiti 49,179 kamili, ikipungua imenakiliwa vibaya. Kinachoudhi kweli ni majina: orodha hukata kila jina libaki herufi 8, hivyo panga michezo kwa folda za A hadi Z mapema.

Katriji hii tunaipendekeza bila kusita kwa Spectrum za 48K, 128 na +2 ya kijivu. Mwenye Spectrum ya +2A au +3 amuulize muuzaji kwanza, kwa sababu laini za ROM (chipu yenye programu ya kudumu) kwenye mashine hizo zimepangwa tofauti na si kila divMMC inazijua. Nunua yenye kasha pia. Bodi tupu katika hewa yetu huanza kushika kutu mapema. Na ukiagiza Ulaya, ongeza VAT ya 16% na ushuru kwenye hesabu yako.