Ajenti wa viza ghorofa ya tatu: nyota mbili, na moja ni ya chai

Ofisi siitaji jina, sitaki maneno na watu. Ni hizo za mjini, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi, mlangoni kuna picha kubwa ya ndege. Tulienda na mama mwezi wa kumi kwa sababu dada yangu ni nesi huko Ujerumani na alikuwa karibu kujifungua, mtoto wa kwanza, shemeji naye yuko shifti za usiku, sasa nani atamkanda huko? Kwa hivyo dada akasema mama aje akae miezi sita. Hiyo ndiyo hesabu tuliingia nayo, miezi sita.

Chai ilikuja haraka, ya maziwa, na mandazi bado ya moto, hapo siwezi kuwasingizia. Lakini msichana wa mezani akamwita mama "shosho". Mama ana miaka 67, amefundisha darasa la nane maisha yake yote, akamwangalia tu juu ya miwani na nikajua hii siku itakuwa ndefu.

Bei: huduma yao shilingi 35,000, "ya ubalozi" 20,000, bima 18,000. Nilipofika nyumbani nikaangalia mwenyewe nikapata viza ya Schengen (zile nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya kutembea) kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, yaani kama 13,500 hivi, sasa hiyo ingine inaenda kwa nani sijui. Fomu ni ya bure. Na ile ada ukinyimwa viza hairudi, hilo hawakutuambia, walisema tu "hapa hatukosi".

Sasa kilichoniuma. Nikamuuliza bosi wao, huyu mama anaweza kukaa miezi sita? Akasema bila hata kufikiria, hakuna shida, ataingia na viza ya kutembea, siku 90 zikiisha anavuka kidogo mpaka Uingereza au Uturuki, analala siku mbili, anarudi na siku zinaanza upya. Mama akaandika kwenye kijitabu chake. Mimi pia nikaamini, manake mtu anaongea na tai shingoni!

Ni uongo mtupu, na si mimi niligundua, ni kijana wa saiba ya hapo chini. Tulishuka kutoa kopi za pasipoti, mama akaanza kumhadithia (mama hadithi zake humwaga popote), kijana akacheka akasema mwalimu, hiyo haiko hivyo. Akatoa kalenda ukutani, ile ya duka la dawa, akachukua biki. Tuseme umeingia tarehe 1 Februari. Siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka pia inahesabiwa. Februari 28, Machi 31, hapo 59, Aprili 30, hapo 89, kwa hivyo siku ya 90 ni tarehe 1 Mei na hiyo siku uwe umetoka. Sheria ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, ukitoka ukalala Uturuki wiki mzima zile 90 ulizokula bado zimeliwa, hazirudi mpaka zile 180 zisonge, na kwa mfano wake mama hangeweza kuingia tena mpaka 31 Julai, tena awe na viza inayoruhusu. Na hizo nchi zote 29 za Schengen ni boma moja, usidhani ukienda Ufaransa ama Romania umetoka. Uingereza ndiyo iko nje lakini Mkenya anahitaji viza yake pia, kwa hivyo huyo wa tai alikuwa anamtuma mama akagonge ukuta mara mbili. Zamani labda mtu angebahatisha na mihuri lakini tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kusajili alama za vidole na uso mpakani, mashine ndiyo inahesabu.

Mama akauliza, "Kwani si Rwanda tunaenda na kitambulisho tu?" Ni kweli mwalimu, lakini mtoto hajazaliwa Kigali.

Nikauliza basi hakuna viza ya kukaa zaidi ya siku 90? Iko, inaitwa ya kitaifa, ile ya D, ya masomo, kazi, familia. Ujerumani walifungua njia ya wazazi wa wafanyakazi wenye ujuzi lakini ni kwa wale waliopata kibali chao cha kwanza kuanzia 1 Machi 2024, na dada yuko huko tangu 2019, kwa hivyo hatumo. Basi tukaamua vile familia huamua: mama aende siku 90, halafu mama wa shemeji kutoka Kakamega achukue zamu ya pili. Wakwe wamefurahi, hakuna mtu amevunja sheria ya mtu.

Kosa la pili la hao wa juu ni pesa. Walituambia "tujaze akaunti", tukope laki nne tuweke kwa akaunti ya mama wiki mbili tu kisha tutoe. Mtu wa ubalozi akiona pensheni inaingia kidogo kidogo kila mwezi alafu laki nne inaanguka ghafla, atafikiri nini? Kumbe dada angeenda tu ofisi ya wageni ya mji wake ajaze ile karatasi ya kuahidi kwamba gharama za mgeni ni juu yake, inaitwa Verpflichtungserklärung (siwezi kuitamka, mama anaweza), ni euro 29, na orijino ndiyo inatakiwa Nairobi, si picha ya WhatsApp. Tuliletewa na mtu aliyekuwa anakuja Krismasi. Nikaongeza stetimenti halisi za mama, barua ya pensheni na hati ya shamba kuonyesha kwamba ana kitu cha kurudia.

Bima niliinunua mwenyewe kwa karibu nusu ya ile yao. Angalia tu iwe inalipa angalau euro 30,000, inafanya kazi nchi zote za Schengen, na kumrudisha mtu nyumbani iwe ndani.

Kitu kidogo kilichokaribia kutumaliza: cheti cha kuzaliwa cha dada kina majina mawili ya mama, kitambulisho kina matatu. Watu wa 35,000 walikuwa na hizo karatasi siku nne na hawakuona. Kijana wa saiba aliona wakati anaskani, akaweka kidole pale, "Mwalimu, huyu na huyu ni mtu mmoja?" Tukaenda kwa wakili, kiapo, 1,500, tukamaliza. Na ujue Ujerumani waliondoa ile njia ya kuandika barua ya kulalamika ukinyimwa, tangu Julai 2025, sasa ni uombe upya ama uende korti ya Berlin. Kwa hivyo cheti kilinganishe kabla, si baada.

Viza ilitoka. Kwenye stika kuna tarehe za kuanza na kuisha, halafu kuna siku za kukaa, hizo ni vitu viwili tofauti. Tarehe ya mwisho ilikuwa mbele kushinda siku 90 na mama alishaanza kujipangia nayo. Zinazokubana ni zile siku.

Niwaonee huruma vijana niliowakuta kwenye benchi pale juu, wanauziwa "kazi Ujerumani ya uhakika". Viza ya kitaifa ni euro 75, na ajenti wa kazi anatakiwa awe amesajiliwa na NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya, angalia jina lake kabla hujatuma hata shilingi.

Nusu ya pesa yangu walirudisha baada ya kusumbuana sana. Kwa saiba nililipa 640 kwa kopi, skani na kujaza fomu, hesabu ya kalenda alinipa bure. Hufungua saa mbili, Jumamosi saa saba ameshafunga, na printa ya rangi usiitegemee, picha za pasipoti piga kwingine.