Fomu ya CHAQ ya Kifaransa: nimeijaza miaka mitatu, haya ndo maoni yangu

Binti yangu ana baridi yabisi ya watoto, tunaishi Ufaransa, na kila tukienda kliniki kabla hajaitwa tunapewa ile karatasi ya CHAQ. Kwa wasioijua, ni maswali 30 kuhusu mtoto aliweza kufanya nini wiki iliyopita: kuvaa na kufunga kamba za viatu, kuinuka kwenye kiti kifupi, kukata nyama, kupanda ngazi tano, kufungua bomba, kuendesha baiskeli. Unatiki bila shida, shida kidogo, shida sana, hawezi kabisa, au haihusiki. Ilitengenezwa Marekani kwa Kiingereza ikatoka 1994, wameitoa kwenye fomu ya watu wazima inayoitwa HAQ.

Kifaransa chake kwanza. Mi Kifaransa nimejifunzia ukubwani na nimeshajaza makaratasi ya ofisi huku ambayo sentensi moja inakula mistari minne, hii hapana jamani, inasomeka kama jirani anakuuliza mtoto kaamkaje. Na haikutokea tu, mtandao wa PRINTO, wa watafiti wa baridi yabisi ya watoto, wenye makao Genova, Italia, ulitoa matoleo ya nchi 32 mwaka 2001, Kifaransa kikiwemo, na kazi haikuishia kutafsiri, tafsiri inarudishwa tena Kiingereza na mtu mwingine walinganishe, halafu wazazi wanapewa ionekane kama wameelewa kweli, halafu wanajaza wazazi wa watoto wagonjwa na wa watoto wazima waone kama fomu inatofautisha. Ndo maana haina harufu ya tafsiri.

Sasa kinachonikera. Pale juu kuna maelezo kwamba utiki shida zinazotokana na ugonjwa TU, na kama mtoto hawezi kwa sababu bado mdogo basi weka haihusiki. Nani anasoma maelezo ukiwa na mtoto analia na umechelewa? Mi mwaka wa kwanza binti ana miaka mitatu, swali la kamba za viatu nikatiki hawezi kabisa. Ni kweli hawezi, lakini hata wenzake wazima hawawezi! Na hesabu yake ndo inauma, maana maswali yamegawanywa makundi 8 na kila kundi linachukua alama ya swali lililo baya kuliko yote, kwa hiyo hiyo tiki moja ilimpa 3 nzima, alama mbaya kuliko zote, kwenye kundi la kuvaa, halafu makundi 8 yanatafutiwa wastani kati ya 0 na 3. Daktari kaniangalia, kaangalia magoti ya mtoto, akauliza mama una uhakika? Aibu. Hayo maelezo yangerudiwa kwa herufi nene kila ukurasa.

Kuna na lile la kuoga kwenye beseni kubwa la kulala, sisi tuna bomba la mvua tu. Naweka haihusiki naendelea, ila nilivyoanza nilikuwa nabuni jibu, najisemea angekuwa nalo labda angeweza. Usibuni.

Kitu kingine, ule mstari wa maumivu. Unaweka alama kati ya hakuna maumivu na maumivu makali mno, wao wanapima na rula. Wetu unatakiwa uwe sentimita 10, siku moja nikaupima kwa udadisi wangu nikakuta fotokopi imeusinyaza, haifiki 10! Sio kosa la fomu, ila wazazi wenzangu mkipewa kopi ya kopi ya kopi semeni.

Kubwa zaidi, haiulizi ukakamavu wa asubuhi. Mtoto wangu saa moja asubuhi anatembea kama bibi, saa nne anakimbia, nami nikijaza mchana natiki bila shida kila mahali inatoka 0 safi, wakati nyumbani tunahangaika kila siku kabla ya shule. Ipo fomu ya baadaye inaitwa JAMAR, nayo ipo kwa Kifaransa, hiyo inauliza asubuhi, shule, mpaka dawa zinavyomsumbua mtoto. Kama kliniki yenu wanayo iombeni.

Nawapa CHAQ nyota 3 na nusu kati ya 5, lugha ingekuwa peke yake ningewapa 5. Mi siku hizi naandika mwenyewe kwa kalamu pembeni ya karatasi, ukakamavu asubuhi dakika 50, na daktari anasoma hapo kwanza.