Unyoya au nibu ya chuma?

Ukiandika kadi za harusi kwa mkono hapa Kisumu, swali hili halikuepuki: uandike kwa kalamu ya unyoya wa ndege, au kwa nibu, yaani ncha ya chuma inayochovywa kwenye wino? Kwa bei, unyoya unashinda: mfugaji wa bata mzinga huenda akakupa bure manyoya makubwa ya bawa. Ukitumia mkono wa kulia, chagua ya bawa la kushoto. Mpindo wake hauzibi macho. Ila kazi ipo: kuyakausha katika mchanga wa moto, kuchonga ncha, na kuichonga tena kila inapolegea. Lakini wepesi wake, jamani! Mstari hunenepa na kukonda kwa mguso tu.

Nibu, zilizoanza kutengenezwa kwa wingi Birmingham, Uingereza, miaka ya 1820, hazichongwi. Zipanguse zisipate kutu.

Mwenye kadi mia za Ijumaa achukue nibu. Mwenye shairi moja la mama yake achonge unyoya.