Kiakisi cha rada cha bati tatu: jinsi ya kukichagua na kukifunga kwenye mashua

Mashua inayovua usiku nje ya miamba ya Mombasa, karibu na njia ya meli za Kilindini, haionekani vizuri kwenye rada. Mbao na faiba hurudisha mwangwi hafifu, na mashine ya nyuma iko chini mno, hufichwa na mawimbi. Karabai husaidia iwapo kuna mtu anayetazama nje. Kwa hiyo kiakisi, kifaa kinachoirudishia meli wimbi la rada yake, ni cha lazima, na kati ya vile vya bei nafuu, cha kununua ni kile cha bati tatu za alumini zinazopachikana na kufanya kona nane. Wimbi la rada likiingia kwenye kona hupiga bati moja baada ya nyingine, kisha hurudi kulekule lilikotoka. Hakihitaji betri, na kikifunguliwa hulala bapa chini ya ubao wa kukalia.

Dukani angalia ukubwa kwanza. Pima kutoka ncha moja hadi ncha inayoelekeana nayo. Kwa rada ya gigahezi 9, ambayo wimbi lake lina urefu wa kama sentimita 3.2, kiakisi cha sentimita 30 hutoa mwangwi (nguvu yake hupimwa kama eneo) wa mita 2 hivi za mraba hata kona ikiielekea meli sawasawa. Cha sentimita 45 hufika 10, na cha 60 hufika 33. Kipimo kikizidi mara mbili, mwangwi huzidi mara 16. Kiwango cha kimataifa cha viakisi, ISO 8729, kinadai mita 7.5 za mraba, kiakisi kikiwa mita 4 juu ya maji, kwa hiyo cha 30 ni cha kuachwa hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Tena, wakati wa mvua kubwa za masika meli nyingi hutegemea rada ya gigahezi 3, na huko mwangwi wa kiakisi kilekile hupungua kama mara kumi. Mashua ya tanga ifunge cha 45. Boti ya faiba yenye nguzo imara ifunge cha 60.

Bomba jembamba la plastiki lenye viakisi vidogo ndani linavutia kwa sababu halishiki upepo wala kukwaruza tanga. Lisinunuliwe. Boti ya tanga Ouzo ilipopotea na watu wake watatu kusini mwa Uingereza mwaka 2006, kampuni ya utafiti ya QinetiQ ilipima viakisi vya aina kadhaa, na taarifa yake ya 2007 ikasema bomba la inchi 2 halifai.

Wapo pia wanaofunga vipande vya karatasi ya alumini mlingotini, kwa kuwa wamesikia ndege za kivita hupofusha rada hivyo. Ni kweli ndege hufanya hivyo. Juu ya Hamburg, Julai 1943, Waingereza walimwaga vipande vya sentimita 27, nusu ya wimbi la rada za Wajerumani zilizolenga mizinga. Lakini walimwaga mamilioni. Kwa rada ya meli kipande kinachofaa ni cha sentimita 1.6, na ili kufikia mita 7.5 za mraba vinahitajika karibu 50,000, vikiwa vimetawanyika hewani. Vichache vilivyofungwa kwa uzi havimwambii nahodha wa meli chochote.

Kazi kubwa ni kufunga. Pachika bati, kisha tia skwea ya seremala katika kila kona. Pembe ziwe nyuzi 90 kamili, maana zikipotoka kidogo tu wimbi hutawanyika badala ya kurudi. Bati iliyobonyea ni ya kubadilishwa, kwani kuigongagonga kwa nyundo hakuirudishi bapa ya kutosha. Usikining'inize kwa ncha. Kona moja itazame juu wima, kiasi kwamba mvua ikinyesha itakinga maji. Ili ikae hivyo, funga kamba kwenye matundu matatu yanayoizunguka kona hiyo, na nyingine tatu chini, zikazwe. Kikiachwa kizunguke, mwangwi unakuja na kupotea, na mtu wa rada anaweza kudhani ni wimbi la bahari.

Kwenye mashua ya tanga pana shida ya foromali, yaani mti unaoshika tanga, ambayo hukigonga kiakisi kila chombo kinapogeuzwa. Ongeza ufito imara juu ya kichwa cha mlingoti, kiakisi kikae juu ya kapi la henza, kamba ya kupandishia foromali. Boti ya mashine isimamishe bomba la alumini kwenye tezi (nyuma ya chombo), lenye waya za kulishikilia. Hata kama mita 4 hazifikiki, kila nusu mita inasaidia. Ngalawa nyembamba isizidishiwe uzito juu.

Chumvi ndiyo hukimaliza. Skrubu za chuma cha pua zikigusa alumini moja kwa moja, bati huliwa kuzunguka tundu, kwa hiyo weka washa za plastiki. Kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na vibanio vya plastiki vya pembeni vikianza kupasuka kwa jua vibadilishwe kabla ya kusi.