Monita ya kila kazi, iliyonifungia mwangaza

"Ndugu mteja, hiyo si kasoro, ndivyo ilivyotengenezwa." Hilo ndilo jibu nililopewa na huduma kwa wateja, na tangu hapo kila nikiiwasha hii monita damu inanichemka. Sifa zake zote ziko kwenye boksi, atakaye atazisoma. Mimi nina neno na jambo moja tu.

Boksi lenyewe linasema kwa herufi kubwa: ofisi, grafiki na gemu. Mchana nachora nembo na vipeperushi, usiku nacheza gemu, nikaona hii ndiyo yangu. Na siku za mwanzo niliisifu kwa kila mtu. Maandishi yanasomeka vizuri, picha haziachi mkia zinapokimbia, na aliyezoea hetzi 60, yaani picha kubadilishwa mara 60 kwa sekunde, akionja 144 hatamani kurudi alikotoka.

Kumbe balaa liko kwenye rangi. Paneli yake ina wigo mpana, yaani inatoa wekundu na ukijani mkali kuliko wa sRGB, kanuni ya rangi ambayo HP na Microsoft waliiweka mwaka 1996 na ambayo sehemu kubwa ya intaneti inaifuata hadi leo. Faili likitaka nyekundu ya mwisho ya sRGB, monita hii inamwaga wekundu wake wote iliojaliwa. Nembo ya mteja mmoja niliipunguza ukali mpaka ikatulia machoni, nikaituma. Akaifungua kwenye simu yake, akaniuliza mbona imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka.

Dawa yake inajulikana: hali ya sRGB kwenye menyu, inayoibana monita ifuate kanuni hiyo. Hii inayo. Nikaiwasha, rangi zikakaa sawa palepale, nikafurahi sana. Usiku ulipoingia nikataka kupunguza mwanga. Nikabonyeza kitufe cha nyuma, nikashuka hadi kwenye mstari wa mwangaza: wa kijivu, umefifia, haushikiki. Wameufunga! Tena wameufunga juu kabisa, mwanga wa kukaa karibu na dirisha mchana, si wa chumba chenye giza. Basi uchague mwenyewe: rangi za kweli uumie macho, au macho yapone uchore rangi za uongo.

Nani alikaa akaona hilo ni sawa? Taa ya nyuma ya paneli inaweza kupunguzwa bila kuvuruga wigo wa rangi. Zipo monita ambazo hali yao ya sRGB inaacha mwangaza wazi, kwa hiyo nisiambiwe haiwezekani. Yule wa huduma nilimweleza yote haya kwa upole, akanikatiza: "Kama kazi yako ni grafiki, ungenunua ya grafiki." Ya grafiki! Neno hilo wameliandika wao wenyewe kwenye boksi. Nikalipiga picha nikamtumia. Mpaka leo kimya.

Wapo watakaoniambia niweke profaili ya rangi, lile faili linaloiambia kompyuta monita inatoa rangi zipi. Nimeweka. Inasaidia kwenye programu zinazoiheshimu, kama Photoshop. Gemu nyingi na programu nyingine zinaipita kana kwamba haipo.

Naanza kuandika nilitaka kuipa nyota tatu kwa ajili ya ule ulaini wake kwenye gemu, ambao siukani hata sasa. Mtu wa ofisi na gemu tu, achukue. Au hapana, hata yeye siku moja atafungua picha za wanawe akute nyuso zimeiva wekundu, arekebishe, kisha akae gizani akimulikwa usoni. Mimi natoa nyota moja, na hiyo ni ya gemu.

Unayetafuta monita yenye wigo mpana, omba iwashwe kabla hujalipa. Ingia kwenye menyu, chagua sRGB, kisha jaribu kushusha mwangaza. Ukigoma kushuka, iache hapohapo, hata kama boksi linakuahidi nini.