TAHADHARI: Muuza betri za haibridi na mtungi wake wa "kuzima moto wa lithiamu"

Jamani, naandika hasira zikiwa bado hazijashuka, na aibu ipo pia, siifichi. Yule muuza betri za magari niliyemsifia sana kwenu hapa mwezi juzi, naomba mfute kila sifa niliyompa. Kama kuna aliyempigia kwa sababu yangu, anisamehe, na gari lake usiku wa leo lisilale karibu na nyumba.

Gari langu ni Toyota Prius, haibridi, yaani linatumia petroli na umeme; historia yake ni fupi. Taa ya pembetatu nyekundu iliwaka, skana ya kusoma hitilafu ikatoa msimbo P0A80, fundi akasema betri kubwa, ile ya kuendeshea gari, imechoka.

Najua wapo watakaosema "wewe na akili zako zote?" Basi ngoja niwasimulie alivyonipata. Alikuja mwenyewe, na hakuanza kwa kuuza. Alifungua buti, akavaa glovu nene, akachomoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa, halafu akakaa chini kimya. Nikamuuliza mbona hafanyi kitu. Akanijibu, "Dada'angu, tusubiri dakika 10. Umeme unabaki kwenye kapasita, ukikimbilia unakuua." Mimi hapo nilikwisha, kwa sababu ni kweli! Akaendelea: betri ya Prius ya kizazi hiki ina moduli 28, yaani vipande 28 vilivyounganishwa, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Nikachungulia kwenye simu kwa siri, nikamkuta yuko sahihi mpaka kwenye desimali. Sasa mtu wa namna hiyo utamshukuje? Mafundi wangapi wamewahi kunitajia desimali?

Kisha ndiyo akaanza. Betri ya nikeli, kama hii ya kiwandani, ni mambo ya zamani, dada. Yeye anatengeneza betri ya lithiamu ndani ya kasha lile lile la kiwandani, nyepesi, haichoki, gari halitajua tofauti. (Hilo la gari kutojua tofauti lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililoniunguza. Nitalifikia.) Nikauliza kuhusu moto, maana na mimi nasoma. Akacheka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na mtungi mwekundu mdogo wenye herufi D kubwa na mchoro wa betri.

Akaweka karai chini. Akamimina petroli. Akawasha kiberiti, moto ukapanda hadi kifuani, watoto wakarudi nyuma. Akanipa mtungi mimi mwenyewe: "Puliza, dada'angu, usiogope." Nikapuliza. Fuuu! Moto ukafa pale pale, karai limejaa unga mweupe, watoto wanapiga makofi. Akaniambia nisimame hivyo hivyo, akanipiga picha. Nimevaa miwani, nimekenua meno yote, mtungi nimeukumbatia kama kombe.

Nikanunua vyote viwili, betri na mtungi. Baba watoto aliuliza swali moja tu: "Hiyo betri ina karatasi?" Nikamwambia asiwe na roho ya kutoamini watu.

Siku ya 19 baada ya kufungiwa betri nilitoka kupanda mlima nikiwa na abiria wanne. Nimeegesha, tumeshuka, nasikia "sssss" nyuma ya kiti. Nikadhani tairi. Halafu moshi mweupe, mzito, unatambaa chini chini, una harufu tamu ya ajabu kama rangi ya kucha. Sikuogopa, na hiyo ndiyo inayonikera. Nilikuwa na mtungi wangu! Nilifungua mlango wa nyuma kwa madaha kabisa, nikapuliza, moto ukazima kama ule wa karai. Nikageuka kuwaambia watu "mmeona?" Sikumaliza sentensi. Pa! Pa! Pa! Kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria, moto ukatoka mkali kuliko wa kwanza, na mtungi umeisha. Nyusi zangu mnaoniona kwa sura mtazikuta hazipo.

Zimamoto walipofika, afande wa kwanza alinifokea, "Mama, toka kwenye huo moshi! Simama upande upepo unakotokea!" Baadaye ndipo akanieleza kwamba moshi wa betri za lithiamu una gesi zinazowaka, na ndani yake kuna haidrojeni floridi inayounguza mapafu. Na mimi nilikuwa nimeingiza kichwa mlangoni. Waliweka vigingi kwenye matairi kwanza, kwa sababu haibridi inaweza kuwa imewashwa, tayari kuondoka, na husikii mlio wowote. Wakaniuliza funguo iko wapi, wakatenganisha betri ndogo ya volti 12, wakawa wanakwepa kila waya wa rangi ya chungwa. Halafu maji. Maji, maji, maji, moja kwa moja kwenye kasha. Mimi napiga kelele, "Huo ni umeme, msimwage maji!" Yaani nilikuwa nawafundisha zimamoto kazi yao kwa elimu ya tapeli.

Nikamwonyesha afande mtungi wangu. Akausoma, akatikisa kichwa. Alama ya D ni ya vyuma vinavyowaka, kama magnesiamu. Betri ya lithiamu-ioni si kipande cha chuma, ndani ina kimiminika kinachowaka. Seli moja ikishapata hitilafu inajitengenezea joto yenyewe, inachemsha jirani yake, jirani naye anachemsha wa pili, na aina nyingine hutoa hata oksijeni yake humo humo. Unga unaua ndimi za nje tu. Hauingii kwenye kasha na haupoozi chochote. Ukweli ni kwamba kwenye karai alinionyesha moto wa petroli, na kwa petroli unga unafaa sana. Hakusema uongo hata kidogo kuhusu lile karai! Mimi ndiye niliyejaza uongo uliobaki.

Na gari la umeme kamili ni balaa zaidi, maana betri ya haibridi kama langu ni ndogo kuliko yake. Tesla kwenye mwongozo wake kwa waokoaji imewahi kuandika kwamba kupooza betri moja kunaweza kuhitaji lita 11,000 hadi 30,000 za maji. Halafu linganisha na kimtungi kinachoingia chini ya kiti.

Likaisha? Halikuisha. Gari lilivutwa likawekwa peke yake uwanjani, mita 15 kutoka kwa kitu chochote, na kesho yake asubuhi likafuka tena. Nilidhani wanazidisha masharti mpaka niliposoma habari za Chevrolet Volt, gari jingine lenye betri ya lithiamu: mwaka 2011 Wamarekani waliigonga kwenye jaribio la usalama, wakaiacha uwanjani, na wiki tatu baadaye ikawaka yenyewe na kuunguza magari ya jirani. Wiki tatu!

Shemeji naye kapata la kusema, kwamba haya magari yote ni mabomu, akaleta na ule moto wa maegesho ya uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, wa Oktoba 2023. Shemeji, gari lililoanza kuwaka Luton lilikuwa la dizeli, zimamoto wao wenyewe walisema. Gari langu lilikaa miaka na betri yake ya kiwandani bila hata kufuka. Tatizo langu lina miguu miwili na linatembea mtaani.

Fundi alipofungua kasha ndipo nikakaa chini. Ndani kulikuwa na seli za 18650, zile ndogo za milimita 18 kwa 65 zinazotumika kwenye kompyuta za mapajani, rangi nne tofauti, zimefungwa kwa gundi ya karatasi. Betri ya haibridi ukikanyaga mafuta mlimani inatoa mkondo unaoweza kupita ampea 100, na ukishika breki inarudishiwa. Seli kuukuu za kompyuta utaziambia nini hapo? Na kompyuta ya gari inapima moduli mbili mbili, kwa mpango wa nikeli, haioni seli moja moja. Ndiyo maana "gari halitajua tofauti". Vihisi vya joto alivibandika kwenye ukuta wa kasha, mbali na seli, ili taa isiwake. Hapo si kutokujua. Mtu anayejua pa kuficha kihisi anajua anachofanya.

General Motors walipogundua baadhi ya seli za Bolt, gari lao la umeme, zina kasoro ya kiwandani, mwaka 2021 waliyaita magari yote ya Bolt yarudi, wakawaambia wenye magari waegeshe nje na wasichaji usiku kucha. Kampuni kubwa ilikubali kuaibika dunia nzima. Huyu wangu nilimpigia moshi haujaisha, akasema, "Dada, uliendesha vibaya," akakata. Nimefungiwa namba. Ya baba watoto nayo. Ya jirani nayo.

Huyu mtu ashtakiwe. Anyang'anywe glovu, skana, karai na kila kitu. Nilikuwa na abiria wanne, wawili watoto! Dakika tano kabla na tungekuwa bado ndani na mikanda. Anayesema "msamehe" aje anionyeshe kiti cha nyuma cha kukaa. Nataka afungwe, na akitoka azuiwe kugusa hata betri ya tochi.

Mtakaoniuliza dalili za tapeli kama huyu, sina nyingi. Hakutaka kusema seli zimetoka wapi. Hakuna karatasi, dhamana ilikuwa ya mdomo. Alifuta msimbo kwa skana, tukazunguka dakika chache barabara tambarare, akasema tayari. Alilibeba kasha peke yake kama begi la shule, mimi nikaona ni nguvu. Na ukiona mtu anauza betri pamoja na mtungi wa kuizimia, jamani, ndiyo hivyo. Ukiona moshi, shukeni wote, kaeni mbali, piga zimamoto, waambie ni haibridi au ni la umeme. Usifungue mlango. Mimi nilifungua.

Jana usiku binamu kanitumia tangazo lake jipya. Namba nyingine, jina jingine, karai lile lile. Na pembeni ameweka picha ya "mteja aliyeridhika": mwanamke wa miwani, amekenua meno yote, amekumbatia mtungi mwekundu. Mkiiona hiyo picha, huyo ni mimi, na sijaridhika.